Ukitaka Maandishi Makubwa, Usiguse Rezolusheni

Nenda kwenye ofisi ya kata, kwenye meza ya mhasibu wa SACCOS au kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na chuo. Hukosi kukuta kompyuta moja ambayo maandishi yake ni makubwa lakini yana ukungu. Aikoni zimevimba, watu kwenye picha wamenenepa, na muhuri wa mviringo ulio kwenye barua umekuwa na umbo la yai. Uliza kulikoni, utaambiwa kioo kimechoka, au monita ilinunuliwa ya mtumba. Mara nyingi kioo ni kizima kabisa. Kilichotokea ni kwamba mwenye meza, ambaye macho yameanza kumsumbua, alimwita fundi akamwambia, "Mwanangu, hebu nikuzie haya maandishi, siyaoni vizuri." Fundi akaitika, "Sawa, mama," akafungua mipangilio, akashusha rezolusheni hadi 1024 kwa 768, akaenda zake. Maandishi yakawa makubwa kweli, mama akashukuru, na tangu siku hiyo kichwa kinamuuma kila ifikapo saa tisa alasiri.

Tabia hii ina chimbuko lake. Enzi za monita za chogo, zile nzito zilizomeza nusu ya meza, picha ilichorwa na mwale wa elektroni uliopita mstari baada ya mstari, na mwale huo haukufungwa na idadi moja tu ya mistari. Ukichagua 640 kwa 480, au 800 kwa 600, au 1024 kwa 768, picha ilitoka ya kuridhisha. Mafundi wa miaka ya tisini wakajifunza kwamba rezolusheni ndogo maana yake ni maandishi makubwa, wakawafundisha waliowafuata, na somo likabaki hata baada ya monita zenyewe kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kioo bapa cha leo hakiendi hivyo. Kina vitone, yaani pikseli, vilivyopangwa kiwandani na ambavyo haviongezeki wala havipungui. Monita nyingi za inchi 22 na 24 zina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa kwenda juu, jumla zaidi ya milioni mbili. Kioo cha namna hiyo ni kama sakafu ya vigae visivyokatika: kila kigae kinabeba rangi moja tu kwa wakati mmoja. Ukiiagiza kompyuta itume picha ya 1024 kwa 768, kila kitone cha picha inabidi kitandazwe juu ya vigae 1.875 kwa upana na 1.4 kwa kwenda juu. Nusu kigae hakuna. Kwa hiyo monita inakisia: inachanganya rangi ya kitone hiki na ya jirani yake, na pale ambapo weusi wa herufi ulipaswa kukutana moja kwa moja na weupe wa ukurasa, inapaka kijivu. Kijivu hicho ndicho ukungu unaouona. Na kwa kuwa upana umevutwa kuliko kimo, kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Ndipo muhuri unapokuwa yai.

Jicho nalo halikubali ukungu kirahisi. Linajaribu kuurekebisha kama linavyofanya kwa kitu kilicho karibu mno, na kwa kuwa kasoro haiko kwenye jicho, linahangaika bila kufanikiwa. Mtu anasogeza shingo mbele, anakunja uso, anakodoa. Maandishi madogo yaliyo safi na maandishi makubwa yenye ukungu vyote vinachosha, ila ya pili yanachosha zaidi kwa sababu mtu anaamini tatizo lake lilishatatuliwa.

Dawa ni kuiacha rezolusheni ile ile ambayo kioo kilizaliwa nayo, kisha kuiomba kompyuta yenyewe ichore kila kitu kikubwa zaidi. Kwenye Windows jambo hilo linaitwa "Scale", na hapa tutaliita kiwango cha ukuzaji. Ili uone tofauti, fanya hesabu ndogo. Chukua monita ya 1920 kwa 1080. Ukishusha rezolusheni hadi 1280 kwa 720, maandishi yanakuwa makubwa mara moja na nusu. Ukiiacha rezolusheni mahali pake na kuweka ukuzaji wa asilimia 150, maandishi yanakuwa makubwa kwa kiasi kile kile, na nafasi ya kufanyia kazi inayobaki ni sawa na ya njia ya kwanza. Kwa macho ya haraka, mtu atasema ni jambo moja. Sasa sogea karibu na kioo utazame herufi "a". Katika njia ya kwanza, herufi ilichorwa kwa vitone vichache, kisha ikavutwa kama mchoro ulioandikwa kwenye puto. Tumbo lake lina kingo zisizo na mpaka. Katika njia ya pili, kompyuta ilichora herufi upya kutoka mwanzo kwa kutumia vitone vyote vilivyopo, na tumbo la "a" limejipinda vizuri, jeusi likiishia pale linapopaswa kuishia. Ukubwa sawa, gharama sawa, na matokeo ni mbingu na ardhi.

Kuna sababu nyingine ya kuilinda rezolusheni ya asili. Kila kitone cha kioo kimegawanyika katika vipande vitatu vidogo, chekundu, kijani na bluu. Windows ina utaratibu unaoitwa ClearType, ambao hutumia vipande hivyo vitatu kulainisha kingo za herufi. Utaratibu huo unategemea kompyuta ijue kila kipande kiko wapi. Ukishusha rezolusheni, mpangilio unavurugika, na ulainishaji uliokusudiwa kusaidia unageuka rangi rangi zisizo na maana pembezoni mwa maneno.

Basi tuingie kazini. Kwenye Windows 10 na 11, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo, kisha chagua "Display settings". Shuka hadi uone "Display resolution". Fungua orodha yake na utafute tarakimu zenye neno "Recommended" pembeni. Hiyo ndiyo rezolusheni ambayo monita imejitambulisha nayo kwa kompyuta. Ichague. Skrini itazima kidogo na kuwaka, kisha itakuuliza kama unataka kubaki na mabadiliko. Ikiwa kioo kimebaki cheusi, au monita imeandika kwamba haiwezi kupokea picha hiyo, usibonyeze chochote. Tulia sekunde 15, Windows itarudi yenyewe ilikokuwa. Watu wengi huingiwa na hofu hapo, wakaanza kubonyeza vitufe ovyo, wakaishia kuidhinisha picha wasiyoiona.

Maandishi sasa yatakuwa safi na, kwa mtu aliyezoea ukungu mkubwa, yatakuwa madogo ya kutisha. Usirudi nyuma. Kwenye ukurasa huo huo, juu kidogo ya rezolusheni, kuna "Scale". Kwa monita ya inchi 22 au 24, asilimia 125 huwatosha watu wengi waliovuka miaka arobaini na mitano, na 150 ni kwa anayehitaji zaidi. Chagua kutoka kwenye orodha iliyopo. Kuna nafasi ya kuandika kiwango chako mwenyewe, kuanzia 100 hadi 500, lakini viwango vya kujitungia kama 137 huleta usumbufu kwenye baadhi ya programu, na sioni faida yake. Ukishabadilisha, toka kwenye akaunti yako na uingie tena. Programu zilizokuwa wazi wakati unabadilisha huwa zinabaki na ukubwa wa zamani au zinaonekana zimefifia hadi zifunguliwe upya. Fundi asiyejua hili hudhani jaribio limeshindwa, akarudisha mambo kama yalivyokuwa.

Wapo wanaotaka maneno tu yakue, bila vitufe na picha kuvimba. Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018 kuna kitelezi cha kazi hiyo. Kwenye Windows 11 kipo ndani ya "Accessibility", kwenye "Text size". Kwenye Windows 10 kipo ndani ya "Ease of Access". Kinaanzia asilimia 100 na kukomea 225. Mimi humshauri mtu aanze na ukuzaji wa 125, kisha akiona majina ya mafaili na menyu bado yanamsumbua, asukume kitelezi hiki hadi 115 au 120. Ukiruka moja kwa moja hadi 200, maneno yatakatwa katikati kwenye visanduku ambavyo watengenezaji hawakutarajia vibebe maneno makubwa hivyo.

Kompyuta za Windows 7 bado zipo kwenye maduka na shule nyingi. Huko rezolusheni iko kwenye "Screen resolution" baada ya kubofya kulia, na ukubwa uko kwenye "Control Panel", sehemu ya "Display", ukiwa na chaguo la 125 na 150. Lazima utoke na kuingia upya, hakuna njia ya mkato. Mwenye Mac ataikuta kazi yote kwenye sehemu ya "Displays", ambako badala ya tarakimu anawekewa picha kadhaa, upande mmoja "Larger Text" na upande mwingine "More Space". Mwenye Ubuntu ataikuta kwenye "Displays" ya mipangilio, na swichi ya maandishi makubwa iko kwenye "Accessibility".

Sasa nifike kwenye kosa ambalo kwa maoni yangu linaharibu kazi nyingi kuliko hata hilo la rezolusheni. Katibu muhtasi haoni vizuri anachoandika kwenye Word. Anachofanya ni kuongeza ukubwa wa herufi kutoka 12 hadi 18, anaandika barua nzima, kisha inapofika wakati wa kuchapisha anakumbuka kurudisha 12. Siku anayosahau, barua ya ukurasa mmoja inatoka kurasa mbili na saini ya mkurugenzi inaning'inia peke yake kwenye karatasi ya pili. Siku anayokumbuka, vichwa vya habari vilivyokuwa 14 navyo vinashuka hadi 12 pamoja na vingine, majedwali yanahama, na inabidi aanze kupanga upya. Mwanafunzi aliyeleta tasnifu yake steshenari ipangwe naye hukumbana na balaa hilo hilo: mpangaji amekuza herufi ili aone, akazisahau, na namba za kurasa kwenye yaliyomo hazilingani tena na kitabu.

Ukubwa wa herufi ni wa karatasi. Ukuzaji wa dirisha ni wa macho yako, na hauendi kwenye printa. Kwenye Word na Excel, shikilia kitufe cha Ctrl huku ukizungusha gurudumu la kipanya. Ukurasa utakua au utapungua bila kubadilisha hata nukta moja ya waraka. Pembeni chini kulia kuna kitelezi chenye asilimia, nacho kinafanya kazi hiyo hiyo. Kwa anayeandika kutwa nzima, kuna chaguo linaloitwa "Page Width" kwenye "View": linatanua ukurasa hadi ujaze upana wa dirisha, na kwenye monita ya inchi 22 matini ya 12 inasomeka hata ukiwa umeegemea kiti. LibreOffice inayo vilevile. Kama ofisini kwako kuna mtu anayekuza herufi ili aone, mwonyeshe gurudumu hilo leo, kabla hata ya kugusa mipangilio mingine yote niliyoitaja.

Kwenye kivinjari cha intaneti ni hivyo hivyo. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza, Ctrl na alama ya kutoa hupunguza, na Ctrl na sifuri hurudisha mwanzo. Chrome, Edge na Firefox hukumbuka ulichochagua kwa kila tovuti, hivyo gazeti unalolisoma kila asubuhi unaweza kuliweka 150 na tovuti ya benki ukaiacha 100. Ukitaka tovuti zote zifunguke zikiwa kubwa, kivinjari kina mahali pa kuweka ukuzaji wa kudumu kwenye mipangilio yake ya mwonekano. Na kwa anayehitaji kuona kitu kimoja tu kwa muda mfupi, tuseme namba ndogo za risiti iliyoskaniwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha: kioo cha kukuzia kinafunguka. Kitufe cha Windows na Esc kinakifunga.

Kukuza nako kuna gharama yake, na ni haki uijue kabla hujalaumu kompyuta. Kadiri vitu vinavyokua, ndivyo vinavyoenea vichache. Laptopu nyingi za bei nafuu zina kioo cha 1366 kwa 768. Ukiweka ukuzaji wa 150 hapo, nafasi inayobaki ni sawa na 911 kwa 512, na kuna programu zisizoenea humo. Dirisha linafunguka, unaona maswali yote, lakini kitufe cha kukubali kimezama chini ya skrini. Wanaojaza fomu za mikopo ya elimu ya juu au maombi ya ajira kwenye mashine za namna hii wanalijua vizuri tatizo hili. Mtu hudhani fomu ina hitilafu, kumbe kitufe cha kutuma kipo, hakionekani tu. Ikiwa uko kwenye kivinjari, bonyeza F11 ili dirisha lijaze skrini nzima, au punguza kwa Ctrl na alama ya kutoa hadi kitufe kijitokeze. Ikiwa ni dirisha la programu, bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, kisha M, halafu tumia mishale ya kibodi kulisukuma dirisha juu. Wengine hubonyeza Tab mara kadhaa na Enter kwa kukisia. Kwenye fomu ya malipo sikushauri ufanye hivyo. Kwa kioo cha 1366 kwa 768, ukomo wa busara ni 125.

Watu huuliza kwa nini kiwango kile kile kinaonekana tofauti kwenye mashine mbili. Jibu liko kwenye ukubwa wa kitone chenyewe. Kwa asilimia 100, Windows huchukulia kwamba kila inchi moja ina vitone 96, hivyo herufi ya ukubwa wa 12 hupewa nafasi ya vitone 16. Kwenye monita ya inchi 24 yenye vitone 1920 kwa 1080, vitone 16 ni kama milimita 4.4, karibu sawa na itakavyotoka kwenye karatasi. Kwenye laptopu ya inchi 14 yenye vitone idadi ile ile, vitone 16 ni milimita 2.6 tu. Programu ni moja, rezolusheni ni moja, herufi imepungua karibu nusu. Ndiyo maana laptopu hizo hutoka dukani zikiwa na ukuzaji wa 125 au 150 tayari, na ndiyo maana si busara kuiga namba ya jirani. Kama umeunganisha laptopu na monita ya pembeni, kila kioo kipewe kiwango chake: kwenye ukurasa wa "Display settings" utaona maboksi yenye namba 1 na 2, bofya moja, rekebisha, kisha bofya la pili.

Kuna nyakati ambapo rezolusheni sahihi haipo kabisa kwenye orodha. Unaona 800 kwa 600 na 1024 kwa 768, basi. Hapo kuna watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni draiva ya kadi ya picha. Kompyuta ikishafutwa na kuwekewa Windows upya bila draiva, hutumia ile ya dharura, ambayo kwenye "Device Manager" husomeka "Microsoft Basic Display Adapter". Ukiona jina hilo, unganisha intaneti na uache Windows Update itafute draiva, au pakua ya Intel, AMD au Nvidia kutoka tovuti ya kampuni yenyewe. Achana na zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote bure. Nyingi huleta matangazo na takataka ambazo hukuziomba.

Mtuhumiwa wa pili ni waya. Monita huiambia kompyuta jina lake na rezolusheni yake kupitia pini maalumu ndani ya waya. Waya wa VGA wa bei chee, au wenye pini iliyopinda ikavunjika, unaweza kupitisha picha lakini usipitishe utambulisho huo, na kompyuta isiyojua inazungumza na monita gani hujilinda kwa kutuma picha ndogo. Badilisha waya kabla hujabadilisha kitu kingine chochote. VGA yenyewe ililetwa na IBM mwaka 1987, enzi za chogo, na picha yake husafiri kama mawimbi ya umeme ambayo monita bapa inabidi iyatafsiri upya kuwa vitone. Tafsiri ikikosea kidogo, maneno yanakuwa na kivuli hata kama rezolusheni ni sahihi. Kwenye monita nyingi kuna kitufe chenye maandishi "Auto". Kibonyeze ukiwa umefungua ukurasa mweupe wenye maneno mengi, monita itajipanga yenyewe. Lakini kama kompyuta na monita zote zina tundu la HDMI au DisplayPort, nunua waya huo na uiache VGA ipumzike.

Monita zilizotumika, zile za Kariakoo au za Luthuli jijini Nairobi, zinahitaji jicho la ziada. Nyingi ni Dell na HP zilizotoka maofisini Ulaya, na ni imara. Za mraba za inchi 17 na 19 huwa na vitone 1280 kwa 1024, si 1024 kwa 768 kama wauzaji wengi wanavyozipanga ili zionekane kubwa mbele ya mteja. Za inchi 20 za mstatili mara nyingi ni 1600 kwa 900. Muuzaji akikuwashia monita na ukaona ukungu, usiikatae papo hapo. Mwombe aweke rezolusheni iliyopendekezwa kisha uhukumu. Na akikuonyesha monita inayong'aa kwa maandishi makubwa mazuri, nayo mwombe vivyo hivyo.

Televisheni iliyofanywa monita ni kesi ya peke yake. Utaona pembe za picha zimekatwa, na mstari wa chini wenye saa umezama nusu. Usikimbilie kompyuta. Televisheni nyingi bado hukata kingo za picha, desturi iliyobaki tangu zama za matangazo ya chogo, ambapo kingo zilikuwa na kasoro zilizohitaji kufichwa. Chukua rimoti, ingia kwenye ukubwa wa picha, tafuta chaguo kama "Just Scan" kwa LG au "Screen Fit" kwa Samsung. Halafu jua kwamba televisheni nyingi za inchi 32 za bei ndogo zina vitone 1366 kwa 768 tu. Kila kitone kina upana wa nusu milimita. Maandishi yatakuwa makubwa, lakini ukikaa karibu utahesabu chembe zake. Inafaa kwa darasa, haifai kwa mtu anayeandika kutwa.

Projekta zina lao. Unapoichomeka kwa ajili ya kikao na kuchagua kuonyesha kitu kimoja kote kuwili, kompyuta inashusha kioo chako ili kilingane na projekta, ambayo mara nyingi ni 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800. Maandishi ya laptopu yakifubaa ghafla katikati ya kikao, sababu ni hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua "Extend", kila kimoja kitabaki na rezolusheni yake.

Nalo hili la programu kongwe. Programu za uhasibu au za hospitali zilizoandikwa zamani huweza kufifia mara tu unapoweka 125, hata kama vingine vyote ni safi, kwa sababu hazijui kujichora kubwa na Windows inazivuta kwa nguvu. Bofya kulia kwenye aikoni ya programu hiyo, ingia "Properties", kisha "Compatibility", halafu "Change high DPI settings", na uweke alama kwenye kisanduku cha chini. Jaribu "System (Enhanced)" kwanza. Ikishindikana, chagua "Application", nayo itakuwa safi lakini ndogo. Usirudishe kompyuta nzima kwenye asilimia 100 kwa sababu ya programu moja.

Baada ya hayo yote, macho. Jicho la mwanadamu huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu takriban miaka arobaini, na hakuna mpangilio wa Windows unaozuia hilo. Kaa umbali wa kunyoosha mkono kutoka kwenye kioo, kati ya sentimita 50 na 70, na ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese macho, maana mbele ya kioo watu hupepesa mara chache na macho hukauka. Kama kwenye monita ya kawaida umefika asilimia 150 na bado unasogeza shingo mbele, kapime macho. Ukifika kwa daktari, mwambie umbali wa kioo chako kwa sentimita, maana miwani ya kusomea huandaliwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, na monita iko mbali zaidi ya hapo. Mwenye miwani ya lenzi mbili ashushe monita. Ikiwa juu, atainua kidevu kutwa nzima ili aone kupitia sehemu ya chini, na maumivu yatahamia shingoni.

Na kwa wanaonunua: ikiwa atakayetumia ni mtu mzima, monita ya inchi 27 yenye vitone 1920 kwa 1080 itamfaa kuliko ile ya inchi 22 yenye idadi hiyo hiyo, kwa sababu kitone chake ni kikubwa na maandishi yanakuja makubwa bila kukuza. Vijana wa michoro na video watakuambia picha yake ni ya chembe chembe. Wako sahihi kwa kazi yao. Mhasibu hahariri filamu.

Ombi langu la mwisho ni kwa mafundi na maofisa wa TEHAMA. Kiwango cha ukuzaji na ukubwa wa maandishi huhifadhiwa kwenye akaunti ya mtumiaji, hivyo kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wanne, kila mmoja afunguliwe akaunti yake na awekewe anachokiona. Unapomaliza kufunga monita, usijaribu kwa macho yako ya miaka ishirini na mitano. Mkalishe mwenye kiti, avae miwani yake, aegemee kama anavyoegemea siku zote, umfungulie barua mojawapo ya kazi zake. Muulize anasoma mstari upi bila kusogea. Rekebisha akiwa ameketi hapo hapo, mwonyeshe Ctrl na gurudumu la kipanya, ndipo ufunge mkoba wako.